Mke wangu anabeba lawama ya kukosa mtoto, ilhali tatizo ni langu

Mume wa Ujiji:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Huu ni mwaka wa sita tangu tuoane, na hatujajaliwa mtoto. Mwaka jana tulipima sote wawili, ikaonekana kwamba mbegu zangu ni chache mno na mwenzangu hana tatizo. Alinisihi tusimwambie mtu nisije nikadharauliwa, nami nikakubali. Tangu hapo mama yangu humpigia mke wangu simu kumweleza habari za waganga. Juzi, kwenye arobaini ya mtoto wa jirani, mke wangu alipewa mtoto ampakate. Mawifi zake wakatazamana, naye akamrudisha kwa mamaye na kutoka nje. Usiku halali, hukaa barazani mpaka adhana ya alfajiri. Nimwambieje mama?

Muuguzi mstaafu, Kigoma Mjini:
Mwanangu, kukosa usingizi na kukwepa watu huweza kuwa dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa, kwa hiyo mpeleke akaonane na mtaalamu wa ushauri nasaha, nawe uwe naye. Hampo peke yenu: mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba takribani mtu 1 kati ya 6 hupatwa na ugumba maishani. Nawe rudia kipimo, kwa sababu mbegu huchukua miezi 2 hadi 3 kukomaa na kipimo kimoja hakitoshi. Wapo ambao chanzo chao ni mishipa ya korodani iliyovimba, nayo hutibika.

Bibi wa Tabora:
Dada muuguzi amesema kweli, lakini hilo la mama lisisubiri kipimo. Mimi niliitwa tasa miaka tisa. Wenzangu wote walikuwa Mama Fulani, mimi nikiitwa kwa jina langu la usichana hata na watoto. Mume wangu akaoa mke wa pili, naye hakuzaa. Ndipo maneno yakakoma, ila hakuna aliyekuja kuniomba radhi. Mwanangu, siri hiyo ni yako, si ya mkeo. Mtangulize mjomba wako amwandae mama, kisha useme kwa kinywa chako, mawifi wakiwepo, maana wao ndio waliomsema hadharani.

Mume wa Ujiji:
Ahsanteni. Nimemsomea mke wangu majibu yenu, akalia, kisha akaniuliza kama kweli nitaweza. Mjomba amekubali. Tunakwenda Jumapili, sote wawili.