Theluji haba ya Oktoba inaweza kuporomoka?

Swali
Ndugu zangu, naishi Denver, jimbo la Colorado nchini Marekani, na wenzangu wa kazini wamenialika tupande Milima ya Rocky mwishoni mwa Oktoba. Theluji haijafika hata magotini, na mmoja wao anashikilia kwamba maporomoko ni habari ya Januari na kuendelea. Je, ana hoja?

Jibu la kwanza
Hana, ndugu yangu. Kwa Colorado hasa, uchache huo ndio chanzo cha tatizo. Theluji ya Oktoba huyeyuka upesi kwenye miteremko inayopigwa na jua, lakini ile inayoelekea kaskazini na mashariki, huko juu kabisa, huihifadhi. Ardhi chini yake hubaki karibu na nyuzi 0 za sentigredi ilhali hewa ya usiku usio na mawingu huwa ya baridi kali. Kwa kuwa tabaka ni jembamba, tofauti hiyo husukuma mvuke kupanda ndani ya theluji, na chembe zake hugeuka kuwa punje kubwa zisizoshikana, ambazo ukizichota kwa kiganja humwagika kama sukari. Dhoruba za Novemba zikishaweka theluji nzito juu ya punje hizo, au upepo ukiirundika upande uliokingwa wa mlima, uzito wa mtu mmoja unatosha kuling'oa bamba zima la theluji ya juu.

Jibu la pili
Naongezea jambo linalopuuzwa: msimu unapoanza, miamba na visiki vimefunikwa kidogo tu, hivyo hata poromoko dogo lisiloweza kumfukia mtu linaweza kumburuta juu ya mawe au kumtupa gengeni. Na wapo waliofukiwa: Oktoba 2017, huko Imp Peak, Montana, mtelezaji mmoja wa skii alifariki hivyo.

Muulizaji
Nashukuru sana. Sisi tutafuata njia ya bondeni tu. Bado kuna hatari?

Jibu la kwanza
Inategemea kilicho juu yenu. Punje hizo zikivunjika, mvunjiko husafiri, kwa hiyo anayetembea mahali tambarare anaweza kuporomosha mteremko ulio juu yake, hasa wenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45. Someni taarifa ya Colorado Avalanche Information Center, kituo cha jimbo kinachotoa tahadhari za maporomoko ya theluji, asubuhi ya safari, na mkisikia theluji ikididimia kwa kishindo chini ya miguu, rudini. Kila mmoja abebe kifaa cha redio cha kutafutia waliofukiwa, ufito wa kuchokolea theluji na koleo. Huyo mwenzenu akikataa kubeba vyake kwa sababu eti ni Oktoba, mimi nisingeongozana naye.