Naomba ushauri: kerneli yangu iko kimya ndani ya QEMU, nichague bodi gani?

Mwanagenzi
Ndugu wanajamvi, nimeandika kerneli ndogo (kiini cha mfumo wa uendeshaji) ya kujifunzia, iliyokusudiwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 3, ambayo kazi yake pekee ni kuandika sentensi moja kwenye mlango wa seriali kupitia anwani 0x3F215040. Nilipoiendesha ndani ya QEMU (programu ya kuiga kompyuta) kwa `qemu-system-aarch64 -M virt`, yaani kwenye bodi ya virt, skrini ilibaki tupu. Nikahamia `-M raspi3b` pamoja na `-m 2G` (kumbukumbu ya GB 2), QEMU ikakataa hata kuanza. Nilipoondoa `-m` ilianza, lakini kimya ni kilekile. Je, nirekebishe kerneli au bodi?

Fundi Seriali
Mkuu, usiiguse kerneli kwanza. Bodi ya virt haiigi kifaa chochote halisi, na katika anwani unayoandikia hamna mlango wa seriali. Isitoshe, usipotaja `-cpu`, virt hukupa cortex-a15, ambayo ni prosesa ya biti 32, hata kama umeita qemu-system-aarch64. Jambo hili limewapotezea wengi usiku mzima. Raspi3b nayo inaiga kifaa chenye kumbukumbu ya GB 1 isiyobadilika, ndiyo maana 2G ilikataliwa. Kuhusu kimya kilichobaki, bodi hiyo ina milango miwili ya seriali: `-serial` ya kwanza huunganishwa na PL011, ya pili na mini UART, na anwani yako ni ya huo wa pili. Jaribu hivi, ule wa kwanza uelekezwe patupu na wa pili kwenye skrini:

`qemu-system-aarch64 -M raspi3b -kernel kernel8.img -serial null -serial stdio`

Mzee wa Biti
Naafiki, ila kama huna kifaa chenyewe mkononi, ningekushauri ujifunzie kwenye virt ukitumia `-cpu cortex-a53`. Tahadhari ni moja: usikariri anwani za vifaa vyake. Kinachoahidiwa kutobadilika ni flashi kuanzia 0x0 na RAM kuanzia 0x40000000. Mengine yanaweza kuhama toleo hadi toleo, kwa hiyo kerneli inapaswa kuyasoma kwenye mti wa vifaa (orodha ya vifaa vilivyopo na anwani zake) ambao QEMU huutengeneza yenyewe. Ukitaka kuutazama, endesha `-M virt,dumpdtb=virt.dtb`, kisha ufasiri faili hilo kwa dtc, programu ya kugeuza mti huo uwe maandishi.

Mwanagenzi
Nashukuruni sana. Sentensi imetokea mara tu nilipoongeza `-serial null`, bila kubadili hata herufi moja ya kerneli. Kifaa ninacho, hivyo nitabaki na raspi3b kwa sasa, na mti wa vifaa nitaanza kuusoma leo.