Mrejesho: Konokono waliokuja na mawe kwenye tangi langu la matumbawe

Wakuu, narudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Wiki 3 zilizopita niliuliza kuhusu konokono wa aina mbili waliokuja wamejificha kwenye mawe hai (mawe ya baharini yenye viumbe hai ndani yake) niliyonunua: niwaache au niwatoe?

Yule mweusi mwenye gamba dogo mgongoni kama sikio ni Stomatella. Huyo anabaki. Usiku nikimulika tochi namkuta anakwangua mwani kwenye kioo, na hajagusa tumbawe hata moja. Siku nilipomshika alikata kipande cha mkia akakimbia. Nilishtuka sana, kumbe ndivyo anavyojiokoa, na mkia huota tena.

Wale weupe ndio walionipa kazi. Wadogo kuliko punje ya mchele, wamechongoka, na mchana huwaoni kabisa. Saa 5 usiku niliwakuta 11 wamejipanga kwenye ukingo wa gamba la chaza wangu, Tridacna, pale nyama inapoanzia. Hawa ni Pyramidellidae. Hawana habari na mwani. Wana mrija wanaouchoma mwilini mwa chaza na kumnyonya. Roho iliniuma, maana yule chaza nimemlea tangu akiwa saizi ya kifuniko cha soda.

Nilimtoa, nikamsugua gamba kwa mswaki mpya ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe, kwa sababu mayai yao nayo hunata pale kama ute. Narudia kila baada ya siku 3. Jana usiku sikuona hata mmoja, na chaza amefunguka vizuri. Asanteni sana mliosema nimulike usiku kwanza.