Naombeni ushauri: nina PCOS, natafuta mtoto, mume wangu ni dereva wa malori

Binti_Uyole

Habari zenu wapendwa, na shikamooni wakubwa wote mliopo. Nina miaka 31, nimeolewa, tunaishi Uyole hapa Mbeya. Siku zangu tangu nipo sekondari hazieleweki, naweza kukaa miezi miwili hata mitatu sijaona kitu halafu zikija zinakuja kwa fujo. Ndevu zinaniota kidevuni, chunusi haziishi. Juzi nikaenda kupima altrasaundi dokta akasema ovari zangu zina vifuko vidogo vidogo vingi, mayai hayapevuki, inaitwa PCOS, akaniandikia klomifeni, dawa ya kupevusha mayai, akasema meza ukishika mimba urudi. Basi. Hakuchukua damu, hakuuliza habari za mume, wala hakuniambia nianze kumeza siku gani na mimi siku zenyewe sizioni. Karatasi ya dawa ninayo hapa sijanunua bado.

Mume wangu anaendesha malori, anapakia Dar anapita hapa anaenda Tunduma anavuka mpaka Kongo, foleni ya mpakani ikimkamata ndo basi tena. Akirudi anakaa siku chache anaondoka. Ana mtoto mmoja alimpata kabla hajanioa, kwa hiyo nikimwambia tukapime wote ananijibu "mimi nina ushahidi", naumia sana jamani. Mama mkwe yuko Tukuyu, ananipenda kweli sina baya la kusema juu yake, ila yeye anaamini ni chango, kila akija ananiletea mizizi nichemshe ninywe, na nikikataa naonekana sitaki mtoto.

Naomba mnisaidie nianzie wapi. Hiyo klomifeni ninunue au? Na ni kweli natakiwa niache ugali kabisa? Na hili la mume namwingiaje? Asanteni.

MamaWawili_Kihesa

Kamwene mdogo wangu. Kwanza pumua. PCOS sio ugumba, naomba hilo uliweke moyoni kabla ya yote. Mimi ninayo, na ninao wawili, mmoja yuko darasa la tatu hapa Iringa mwingine ndo ananivuta gauni muda huu naandika.

Hivyo vifuko alivyoviona dokta sio uvimbe wa kukatwa, watu wengi wanatishwa hapo wanaambiwa wana uvimbe wakafanyiwe oparesheni. Ni vimbegu vya mayai vilivyoanza kukua vikaishia njiani, kama shamba la mahindi lililoota vizuri likadumaa kabla ya kubeba. Mayai unayo tena mengi tu, tatizo halitoki yai lililokomaa kila mwezi na ndo maana hedhi inapotea. Yai lisipotoka hakuna cha kurutubishwa hata mume akae nyumbani mwaka mzima. Kwa hiyo tiba yote unayosikia lengo lake ni moja tu, yai likomae litoke. Ukilielewa hilo utajua mwenyewe nani anakusaidia na nani anakula hela yako.

Tiba_Safi_Nyanda

Pole dada, tatizo lako dogo sana, kizazi kina uchafu na mirija imeziba, ninayo dawa ya kusafisha kizazi na kuzibua mirija unatumia siku 7 tu, nipo Mwanjelwa natuma mikoa yote, njoo inboksi.

MamaWawili_Kihesa

Kaka yangu huyu dada ametaja wapi mirija? PCOS haina uchafu wowote, kizazi chake hakijachafuka na hakihitaji kusafishwa. Mirija kuziba ni ugonjwa mwingine kabisa, na unajulikana kwa picha maalum wanaingiza dawa kwenye kizazi wanapiga eksirei, sio kwa kusoma uzi. Binti usimpe huyu namba yako.

Nesi_wa_Zamu

Nimesoma nikasikia uchungu maana wadada wanaokuja na karatasi kama hiyo ni wengi mno. Naomba nieleze kidogo ingawa mimi sio daktari, hii ni ya kukusaidia kujua uulize nini.

Kusema mtu ana PCOS wanaangalia mambo matatu, hedhi isiyo na mpangilio, dalili za homoni ya kiume kuzidi kama hizo ndevu na chunusi au ionekane kwenye damu, na ovari zenye vifuko vingi. Ukiwa na mawili kati ya hayo inahesabika, ila ni baada ya kuondoa magonjwa mengine yanayovuruga hedhi vilevile. Kwa hiyo damu ilitakiwa ipimwe, homoni ya thairoidi, ile tezi ya shingoni, na prolaktini, homoni ya maziwa, hasa, kwa sababu hizo zikiwa ndo chanzo dawa yake ni nyingine kabisa na utameza klomifeni bure. Sukari nayo ipimwe. PCOS inaenda pamoja na mwili kushindwa kutumia insulini, homoni ya kushusha sukari, vizuri, insulini ikizidi kwenye damu inazisukuma ovari zitoe homoni ya kiume zaidi na yai linazidi kukwama. Shirika la Afya Duniani linasema mpaka asilimia 70 ya wenye hali hii hawajui kama wanayo, wewe umeshajua, hiyo ni hatua.

Sasa dawa. Klomifeni sio mbaya, imesaidia watu miaka mingi. Ila mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023 unasema ya kuanza nayo ni letrozoli. Kulikuwa na utafiti mkubwa Marekani ulitoka mwaka 2014, wanawake 750 wenye PCOS, waliopewa letrozoli waliojifungua walikuwa asilimia 27.5 na wa klomifeni 19.1. Muulize dokta kuhusu hiyo. Na usishtuke ukiinunua, karatasi ya ndani ya boksi imeandikwa ni dawa ya saratani ya matiti, wadada wengi wanairudisha duka la dawa wakilia. Kweli ilianzia huko, lakini kwenye uzazi unameza siku 5 tu, kawaida siku ya 3 mpaka ya 7 ukihesabu siku damu ilipoanza kutoka kama ndo ya kwanza. Na usipoona hedhi hauanzi tu kumeza, kwanza unapima mimba, kama hakuna dokta anakupa vidonge vya kushusha hedhi, ikishuka ndo mnahesabu.

Dawa hizi ziwe na usimamizi. Wakupige altrasaundi katikati waone kifuko cha yai kinakua, kikifika kama milimita 18 mpaka 20 hivi yai linakaribia kutoka. Uwezekano wa mapacha unaongezeka, ujue kabisa. Kwa hapo Mbeya nenda Meta, ile hospitali ya wazazi iliyo chini ya Rufaa ya Kanda, uombe kuonana na daktari bingwa wa wanawake. Na kwa mwenye hedhi iliyovurugika hakuna sababu ya kusubiri mwaka uishe ndo uende.

Dereva_Nakonde

Mimi ni mwanaume na kazi yangu ni hiyohiyo ya shemeji, natokea Makambako, kwa hiyo naomba niongee kuhusu mumeo maana namwelewa.

Mtoto wa zamani ni ushahidi wa zamani. Mbegu za mwanaume zinatengenezwa upya muda wote, kutengenezwa kwake mpaka kukomaa ni kama miezi miwili na nusu hivi, kwa hiyo anachopima leo kinaonyesha miezi hii mitatu, sio kipindi kile alichozaa. Na kazi yetu unakaa kwenye kiti masaa mengi, injini chini yako joto tupu, huku sigara, huku pombe barabarani. Nilipimwa zikaonekana chache. Sikufa. Nilipewa maelekezo nikaacha sigara nikarudia baada ya miezi mitatu, zikawa zimepanda.

Kipimo chenyewe hakina sindano. Unakaa bila tendo siku 2 mpaka 7, unatoa kwenye kikopo palepale hospitali, au kama ni nyumbani basi kifike ndani ya saa moja na kisipigwe baridi, na huko kwetu nyanda za juu mwezi wa sita wa saba baridi lake mnalijua, unakiweka ndani ya koti karibu na mwili. Mwambie shemeji usiku mkiwa wawili tu, sio mbele ya mama, na usimwambie "kapime kama una tatizo". Mwambie kwamba dokta hawezi kuanza dozi bila majibu yake yeye mume. Wala sio uongo, dokta makini ndivyo anavyofanya, atakulisheje wewe dawa miezi na miezi kumbe upande wa pili haujulikani. Mkiwa hapohapo pimeni na kaswende na virusi vya UKIMWI wote wawili, kwa anayejiandaa kubeba mimba ni jambo la kawaida na mtu asilichukulie kama shutuma.

Njombe_Parachichi

Me nichangie la chakula maana hapo watu wanateswa sana. Kwanza mimi ni mwembamba, kilo zangu ni za mtoto wa shule, na PCOS ninayo, kwa hiyo sio lazima uwe mnene. Ila kwa mwenye uzito mkubwa, kupunguza hata asilimia 5 mpaka 10 ya uzito kunaweza kurudisha hedhi kwenye mstari bila dawa. Yaani aliye na kilo 80 ni kilo 4 mpaka 8 tu, sio mpaka uwe kama modo.

Ugali usiache dada, utaacha ule nini sasa na uko Uyole? Badilisha sahani ilivyokaa. Kula dona badala ya sembe, tonge zipungue, maharage na mboga za majani zichukue nafasi, chainizi, mnavu, majani ya maboga, parachichi lipo tele huku na Rungwe. Viazi ndo shida yetu sisi, asubuhi viazi na chai ya sukari vijiko vitatu, mchana chipsi, jioni viazi na nyama. Mimi nilianza na kutoa sukari kwenye chai na soda, hivyo tu. Na kutembea, milima tunayo bure.

Kingine, vile vipimo vya kukojolea vya kujua siku za hatari vinaweza kukudanganya. Vinapima homoni ya LH, ile inayopanda yai likikaribia kutoka, na wengi wenye PCOS hiyo homoni iko juu muda wote, utaona mstari umekolea kila siku utadhani yai linatoka. Afadhali kipimo cha damu cha projesteroni, homoni inayopanda yai likishatoka, inachukuliwa kama wiki moja baada ya siku mliyodhani yai limetoka, ikiwa juu ndo unajua kweli limetoka.

Na foliki asidi anza leo, mikrogramu 400 kwa siku inatosha kwa wengi, ni ya kumlinda mtoto uti wa mgongo na ubongo, inatakiwa ikukute kabla mimba haijaingia.

Binti_Uyole

Nimesoma nikirudia rudia, nimelia ila ni kilio kizuri. Ndaga fijo wote. Shemeji wa Makambako nimemsomea mume wangu maneno yako kwenye simu, alikaa kimya muda mrefu halafu akaniuliza "hicho kikopo wanauza wapi", nadhani amekubali jamani.

Ila nina maswali mawili. Kama letrozoli nameza siku 5 na yeye yuko Kongo, si inakuwa kazi bure? Na mizizi ya mama mkwe niseme nini, maana kumkatalia siwezi.

Nesi_wa_Zamu

Hilo la kwanza ni swali zuri kuliko yote humu. Yai likitoka linaishi masaa 12 mpaka 24 tu, ila mbegu za mume zinaweza kukaa hai ndani mpaka siku 5. Kwa hiyo hahitajiki siku ileile, anahitajika kabla. Kwa letrozoli yai mara nyingi linatoka kati ya siku ya 5 na ya 10 baada ya kidonge cha mwisho, hapo mkutane kila baada ya siku moja au mbili. Sasa faida yako wewe ni kwamba hedhi yako inashushwa kwa vidonge, maana yake mnaweza kupanga. Akishajua ratiba ya safari yake hesabuni kwa kurudi nyuma, siku ya kushusha hedhi, siku za kumeza, siku za kukutana ziangukie yupo nyumbani. Mwezi ambao hatakuwepo usimeze, tunza dozi, maana dokta hakupi mizunguko isiyo na mwisho, klomifeni kwa mfano mara nyingi wanaishia mizunguko 6 ya kupevusha yai. Mwambie dokta kazi ya mumeo siku ya kwanza kabisa.

Mizizi usinywe pamoja na dawa hizi. Haijulikani ina nini na kiasi gani, nyingine inakorofisha ini au figo, nyingine inaweza kukutoa damu halafu hesabu yote ikavurugika. Mwambie mama umeanza dozi hospitali na dokta amekataza kuchanganya, wazee wanaheshimu neno la dokta.

MamaWawili_Kihesa

Na mwombe akusindikize Meta siku moja, asikie mwenyewe dokta anavyoeleza yai. Wangu alinisindikiza akarudi anawaelezea majirani.

Binti_Uyole

Hilo nimelipenda, mama anakuja Jumapili kwa ajili ya kanisa, nitamwomba alale ili Jumatatu twende wote. Metformini je, ile dawa ya sukari, nayo niulizie au nisubiri sukari ipimwe kwanza? Jirani yangu anaitumia anasema inamharisha sana.

Nesi_wa_Zamu

Pima sukari kwanza, na umuulize dokta palepale, kuna wanaopewa yenyewe na kuna wanaochanganyiwa na letrozoli. Hiyo ya kuharisha jirani amwone dokta wake, mara nyingi wanaanza na dozi ndogo wanapandisha taratibu, na inamezwa pamoja na chakula. Jumatatu wahi mapema, na ile karatasi ya altrasaundi usiisahau.