MJADALA: Wanasayansi wanasaka chembe ya aksioni miaka na miaka hawajaipata, waendelee au wafunge?

Wakuu, jana nilikuwa Kirumba mwaloni, Mwanza, nasubiri dagaa wa mama, kwenye kibanda cha chai dogo mmoja anayesoma fizikia akawa anaelezea aksioni, chembe inayodhaniwa tu kuwepo, mzee fundi wa injini za boti akamkata: "Yaani wanazungusha redio tangu sijaoa mpaka nina wajukuu, hawasikii kitu na mshahara wanakula?" Kibanda kizima kicheko. Mi niko upande wa dogo, ila mzee ana hoja.

Kwa wageni wa mada, galaksi zinazunguka kwa kasi ambayo nyota na gesi tunazoona haziwezi kuzishikilia, kwa hiyo wanasema kuna maada giza, kama 85% ya maada yote. Aksioni ni mtuhumiwa mmojawapo. Wala haikuanzia huko, 1977 wanafizikia Peccei na Quinn walikuwa wanahangaika na kitendawili cha nguvu zinazoshika kiini cha atomu, mwaka uliofuata wenzao Weinberg na Wilczek wakaona suluhisho lile lazima lizae chembe mpya, Wilczek akaipa jina la sabuni ya kufulia eti imesafisha tatizo (wasomi nao bwana).

1983 mwanafizikia mwingine, Sikivie, akaja na wazo, kwamba aksioni ikipita kwenye sumaku kali inaweza kugeuka wimbi la redio dogo mno. Ndo wanachofanya watu wa mtambo wa ADMX kule Seattle, Marekani, wana pipa la chuma lililopakwa shaba ndani ya sumaku ya karibu tesla 8, limepozwa mpaka karibu na sifuri halisi, baridi ya mwisho kabisa, humo ndani kuna vijiti vinasogezwa kidogo kidogo kubadili masafa. Stesheni haijulikani iko wapi, basi unasogeza, unasikiliza, unasogeza tena, kama babu na redio yake ya mkulima. 2018 wakatangaza kwamba kati ya megahezi 645 na 680 wamesikiliza kwa umakini wa kunasa hata aksioni hafifu zinazotabiriwa na nadharia moja iitwayo DFSZ, haikuwepo.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu umejichoma mwenyewe, megahezi 35! Hiyo ni kuchota ndoo moja pale Kamanga ukasema ziwa halina sangara. Af 2020 mtambo wa kusaka maada giza wa XENON1T kule Italia si ulikuta ishara watu wakashangilia kwamba ni aksioni zinazotoka kwenye jua, 2022 mrithi wake XENONnT ikapima tena kwa usafi zaidi, kimya. Hizo hela bora zingetoa magugu maji.

Mleta mada:
Ya ndoo nakubali, na inawezekana kabisa haipo popote. Ila Marekani wakifunga leo hiyo hela haiji Mwanza kutoa magugu, tusidanganyane. XENON wenyewe ndo walioandika mapema kwamba huenda ni tritiamu (haidrojeni yenye mionzi) kidogo tu imeingia, hapo sioni utapeli.

Halafu hamjauliza swali la mwaloni. Mtumbwi ukirudi mtupu, kwanza unaangaliwa wavu, ulikuwa mzima au umechanika? ADMX wana utaratibu wa kuingiza mawimbi feki kwa siri kwenye pipa, wanaosikiliza hawaambiwi, waonekane kama watayanasa. Wakiyanasa ndo ukimya wa masafa mengine unakuwa na maana. Bila hivyo ningekuwa upande wa mzee mapema sana.

Mchangiaji wa pili:
Sasa wakinasa, watajuaje sio feki kabla hawajaambiwa?

Mleta mada:
Swali zuri, nimempigia dogo. Anasema hatua ya mwisho wanashusha nguvu ya sumaku mpaka izimike. Aksioni bila sumaku haigeuki wimbi, so ishara ikibaki pale pale na sumaku imezimwa ujue sio yenyewe, ni feki au kelele za mitambo. Kesho nampelekea mzee hii, ila nisubiri amalize kufunga injini kwanza, akiwa na spana mkononi habishaniki.