Tupeane uzoefu: magugu na mwani wa ziwani mbele ya nyumba, wewe ulipambana nao vipi?

Gati Bovu
Asubuhi ya leo nimeteremka hadi gatini na kukuta maji ambayo juzi tu yalionyesha changarawe za chini yamefunikwa na utando wa kijani. Nikakumbuka mwaka ule nilipoweka vibarua wanne wakang'oa magugu kwa reki siku tatu mfululizo, kisha tukayarundika pale pale ukingoni kwa sababu tulikuwa hoi. Mvua ya kwanza iliponyesha, majimaji yote ya marundo yale yaliyooza yalirudi ziwani, na haikupita muda nikawa na mwani mwingi kuliko magugu niliyoyatoa. Naomba wenzangu mnaokaa kando ya ziwa mseme mlivyofanya, hasa pale mlipoharibu, maana habari za kufanikiwa tunazisikia kila siku kwa wauza dawa.

Reki Mkononi
Nami nilirundika ukingoni, kosa lile lile. Siku hizi nayapeleka kwenye mboji nyuma ya nyumba, ambako mteremko hauelekei majini.

Kiuno Majini
Mimi niliyakata kwa panga nikiwa nimesimama kwenye maji hadi kiunoni, nikajiona shujaa. Sikujua kwamba mengi ya magugu yanayoota chini ya maji huzaana kwa vipande, na kwamba kila kipande chenye kifundo kinaweza kushika mizizi mahali pengine. Nilianza na kichaka kimoja mbele ya nyumba. Msimu uliofuata nilikuwa na vinane.

Upande wa Upepo
Ndugu, na vile vipande ambavyo hukuviona vilikwenda wapi? Vilikuja kwetu tunaokaa upande ambao upepo unasukumia kila kitu. Kama mtu hana wavu wa kukusanyia anachokata, basi asikate.

Kiuno Majini
Nimekubali kosa, lakini tuambizane ukweli wote. Ninyi wenye bustani za nyasi zinazoshuka hadi kwenye maji, mbolea mnayomwaga kila msimu huishia wapi ikinyesha?

Upande wa Upepo
Bustani yangu haihusiki na mada hii.

Reki Mkononi
Inahusika sana, ndugu. Fosforasi ndiyo chakula cha mwani, na hutoka kwenye mbolea, kwenye mashimo ya choo yanayovuja na kwenye udongo unaosombwa na mvua. Mimi niliacha ukanda wa matete na mafunjo wa hatua kumi hivi kati ya nyasi na maji. Mke wangu hakuupenda kwa kuwa unaziba mandhari, lakini ukingo wetu umetulia.

Mzee wa Ghuba
Nimesoma nikajikuta nimeweka simu chini, kwa sababu nilidhani jambo hili nimeshalisahau. Ghuba yetu ni ndogo na maji yake hayatembei. Mwaka mmoja wa joto kali mwani uliijaza hata kasia likawa zito kulivuta, nami nikashauriwa kutumia mrututu, ile chumvi ya shaba ya rangi ya buluu. Nikauyeyusha kwenye ndoo na kunyunyizia ghuba nzima kwa mchana mmoja, bila kupima chochote, kwa kuwa nilitaka wageni wangu wa wiki ile wakute maji safi. Siku ya pili mwani uligeuka rangi ya chai na kuanza kuzama, nikafurahi.

Siku ya tatu niliamka kabla ya jua kwa sababu ya mlio niliodhani ni manyunyu juu ya majani. Nilipotoka nilikuta samaki wote wa ghuba wamepanda juu, wamepangana midomo wazi wakitafuta hewa, na ile midomo ndiyo iliyokuwa ikilia. Jua lilipochomoza wengi walikuwa wamegeuza matumbo meupe. Mtoto wa jirani alikuja na beseni akidhani ni neema, nami nikamfukuza kwa ukali ambao hadi leo unanisuta. Tulizika samaki kwa siku mbili. Wageni walikuja, wakala chakula madirisha yakiwa yamefungwa.

Reki Mkononi
Pole sana, mzee wetu.

Ndoo na Mizani
Pole, mzee, lakini mrututu usisingiziwe. Mimi nautumia mwaka wa sita, napima, na sijaua hata dagaa.

Maji Marefu
Kupima peke yake hakutoshi. Mwani ukifa wote kwa pamoja, bakteria wanaouozesha huimaliza oksijeni, na alfajiri ndipo huwa chini kabisa kwa sababu usiku mzima mimea haijatengeneza nyingine. Maji ya moto nayo hubeba oksijeni kidogo. Ndiyo maana hushauriwa kutibu sehemu tu ya eneo, kisha kusubiri siku kumi hadi kumi na nne kabla ya kuendelea. Isitoshe, shaba haiozi, ndugu Mizani. Ile ya miaka yako sita imelala kwenye tope lako.

Ndoo na Mizani
Tope langu silili.

Mafunjo Mawili
Kwa gugu maji linaloelea, waachieni fukusi, wale wadudu wadogo wanaolila. Ziwa Victoria walianza kuachiwa katikati ya miaka ya 1990, funza wao wakatoboa mashina, na kufikia mwishoni mwa muongo ule magugu yalikuwa yamepungua sana.

Upande wa Upepo
Na mvua na dhoruba za El Niño za 1997 na 1998 unaziweka wapi? Wapo wanaosema hizo ndizo zilizoyavunja, na baadaye yalirudi.

Mafunjo Mawili
Yalirudi kwa sababu mbegu zake hukaa kwenye tope miaka mingi, si kwa sababu fukusi walishindwa.

Kiuno Majini
Mimi ninafikiria kufuga bata.

Maji Marefu
Bata watakuongezea mbolea majini. Gati Bovu, kabla hujagusa chochote, ingiza kijiti kwenye huo utando. Ukining'inia kama nywele, ni mwani wa nyuzi, uvute kwa reki. Ukichuruzika kama rangi ya ukuta, jaza maji kwenye chupa ya kioo uiache hadi kesho bila kuitikisa. Kijani kikipanda juu na kufanya pete, shuku sianobakteria, yaani bakteria wanaofanana na mwani, ambao baadhi yao hutoa sumu isiyoondoka hata maji yakichemshwa.

Gati Bovu
Kijiti kilitoka kama kimechovywa kwenye kopo la rangi. Chupa imelala dirishani, na asubuhi hii ina pete ya kijani juu, nene kama kidole. Mbwa nimewafunga, pampu ya maji ya nyumbani nimeizima, na sasa natoka kwenda kuwagongea majirani wa pande zote mbili.