Tupeane uzoefu: tuta la boksi la mboga uani, lako lina miaka mingapi na ulijengea nini?

Wakuu, kwema? Niko Goba, Dar. Mwaka 2021 nilimwita fundi anipigie maboksi mawili ya mbao za paini, futi 4 kwa 8, nipande mchicha na figiri. Yalipendeza hadi majirani wakaja kupiga picha. Masika ya pili, naegemea ubao ning'oe magugu, mkono ukazama ndani. Nje rangi inang'aa, ndani mchwa wamebakiza ganda tu. Safari hii sitaki kurudia kosa. Mwenye tuta lililovuka miaka mitatu aseme alitumia nini, na kilichomharibikia asifiche.

Mama Figiri:
Pole sana. Paini bila dawa huku pwani ni kumwandalia mchwa futari. Mimi nilihamia tofali za inchi 5, kozi mbili (yaani safu mbili kwenda juu), huu mwaka wa tano. Ila la kwanza lilipasuka kona. Nilimwambia fundi azibe viungo vyote kwa saruji, mvua za Aprili zikaja, maji hayana pa kutokea, udongo ukalowa ukawa mzito na kuusukuma ukuta nje. Siku hizi kozi ya chini kila baada ya tofali tatu naacha kiungo kimoja wazi, kwa ndani namwaga kokoto. Upana usizidi mita 1 na robo. Ukizidisha utalazimika kupanda juu ya tuta ufikie katikati, na udongo ukishakanyagwa umerudi pale pale.

Mpangaji Mbishi:
Sisi wapangaji tunatumia viroba. Vile vya sandarusi havikumaliza mwaka, jua lilikula nyuzi, nikagusa kimoja kikamwaga sukuma wiki zote barazani. Nimehamia madumu ya lita 20 yaliyokatwa. Nikifukuzwa nahama nayo.

Jiwe Kuu:
Mwanza mawe hatununui. Makubwa chini, madogo juu, ukuta ulalie kwa ndani kidogo, hakuna saruji. La mzee wangu nimelikuta, naliacha. Kero ni konokono, mchana wanalala humo humo kwenye nyufa, usiku wanakula chainizi. Natoka na tochi.

Goba (mwenye mada):
Asanteni. Fundi ananiambia nibaki na mbao, nipake tu oili chafu. Mnasemaje?

Mama Figiri:
Usithubutu kwenye mboga! Oili iliyotoka kwenye injini ina metali nzito, na wewe unataka kula majani yake? Nguzo kuukuu za umeme vilevile, zina dawa.

Jiwe Kuu:
Naunga mkono. Kingine, usijaze magogo na takataka chini halafu ukashangaa. Langu moja lilishuka karibu nusu baada ya msimu, vilikuwa vinaoza. Si vibaya, ila uwe na udongo na samadi iliyoiva ya kuongezea. Ya kuku ikiwa mbichi itaunguza miche.

Goba (mwenye mada):
Basi naenda na tofali. Mama, ulizilaza au ulizisimamisha?

Mama Figiri:
Hapo umenishika 😅 Nimelaza. Lile lililopasuka nilikuwa nimesimamisha, nilikuwa nabana tofali.